Na Zile Pesa?

Usiku wa tatu wa tamasha, saa nne kasoro hivi, filamu iliisha na watu wakapiga makofi. Watoto waliokuwa wamelala wakaanza kutikiswa mabega waamke. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki zaidi ya saa mbili bila kulalamika, jambo ambalo si kawaida yake. Akanigeukia, akaniuliza, "Na zile pesa? Yule mzee alirudisha?"

Nikamwambia hapana.

"Hata mwishoni?"

"Hata mwishoni, Mama. Imeisha hivyo."

Akaguna, akakunja leso yake, tukaanza kutembea kwenda nyumbani. Nimesoma maandishi mengi kuhusu filamu hiyo, mengine ya watu wenye digrii tatu. Swali la Mama bado ndilo ninaloliona limegonga penyewe.

Tamasha lenyewe halikuwa na mbwembwe. Majirani kadhaa wa Umoja, wengi wao wazazi, walikubaliana kuonyesha filamu tatu za zamani za Krismasi kwenye uwanja wa shule, usiku tatu mfululizo, wikendi ya mwisho kabla ya sikukuu. Shuka mbili nyeupe zilizoshonwa pamoja ndizo zilikuwa skrini. Projekta ilikuwa ya kukodi, spika za kuazima kanisani. Watoto waliingia bure, watu wazima shilingi hamsini. Kulikuwa na bisi, smokie, na chai ya rangi kwenye thamosi kubwa. Bango lililobandikwa getini liliahidi filamu ambazo familia nzima ingefurahia.

Ukitaka kuelewa hadhira ya tamasha kama hili, kumbuka tarehe. Hiyo ni wiki ambayo nauli ya kwenda ocha hupanda hadi mtu mwenye watoto wanne anaketi chini na kalamu, anapiga hesabu, halafu anawaambia watoto kwamba mwaka huu tutakula Krismasi hapa hapa Nairobi. Wenye gari walikuwa washaondoka. Sisi tuliokuwa uwanjani, wengi wetu, tulikuwa wale waliopiga hesabu.

Kulikuwa pia na DJ. Kijana wa mtaa alishika maikrofoni na kusimulia kila filamu kwa Kiswahili na Sheng, juu ya sauti ya waigizaji, kwa ile njia ambayo DJ Afro alitufundisha kuangalia filamu za mapigano. Kwanza niliona ni kelele tu. Kufikia usiku wa tatu nilikuwa nimekubali kwamba bila yeye tamasha lingekuwa la watu kumi na watano wanaojua Kiingereza cha haraka, na shosho wote wangekuwa wamelala. Kusimulia filamu ni kuihakiki pia. Unaamua neno gani linabeba nini. Nitarudi kwa hilo.

Ijumaa walianza na Home Alone ya mwaka 1990. Chaguo rahisi. Sidhani kuna mtoto aliyekulia karibu na runinga Nairobi ambaye hajamwona Macaulay Culkin akijipaka ile mafuta ya baada ya kunyoa na kupiga mayowe. Vicheko vilikuja pahali vilipotarajiwa: pasi ikianguka usoni mwa mwizi, mikebe ya rangi ikija kama ngumi kutoka juu ya ngazi. Sina ubaya nayo. Chris Columbus aliijenga kama saa, kila kitu kinalia kwa wakati wake.

Lakini msichana aliyekaa mbele yangu, labda wa miaka minane kama Kevin mwenyewe, alimwuliza babake, "Hiyo nyumba wanaishi watu wangapi?" Babake akasema ni familia moja. Msichana akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Baba ya Kevin anafanya kazi gani?" Filamu haisemi. Familia inapeleka watu wengi Paris kwa ndege mara moja, watoto na mabinamu, na hakuna hata mmoja anayetaja bei. DJ aliwahi kusema tu, "Hii ni keja ya Runda, wasee," watu wakacheka, tukaendelea. Katika Home Alone pesa ni kama hewa. Ipo, inapumuliwa, haiongelewi. Kitu pekee kinachokosekana ni mama, na mama anarudi.

Jumamosi ilikuwa The Muppet Christmas Carol ya mwaka 1992, ile ambayo Michael Caine anamwigiza Scrooge katikati ya vikaragosi, akiwa na uso wa mtu anayeigiza Shakespeare. Hadithi ni ya Charles Dickens, ya mwaka 1843, na imefanywa filamu mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Hii ya vikaragosi ndiyo naipenda zaidi kwa sababu Caine hamtanii mtu. Chura anamwomba ruhusa ya siku moja na yeye anamtazama chura kama mwajiri anavyomtazama karani.

Hapa DJ alifanya uamuzi wake wa kwanza mkubwa. Scrooge akawa "shylock wa mtaa". Uwanja mzima ulishtuka kama mtu aliyeguswa na maji baridi. Ghafla haikuwa hadithi ya London ya zamani. Ofisini kwa Scrooge karani wanaandaa notisi za kufukuza watu nyumbani, Krismasi ikiwa kesho, na mtu fulani nyuma yangu akasema kwa sauti, "Kama huyu wetu tu." Baadaye mizimu ikaja, mmoja baada ya mwingine, Scrooge akalia, akaamka asubuhi amekuwa mtu mwingine, akanunua bata mzinga. Watu wakapiga makofi. Yule jamaa wa nyuma akauliza, "Sasa wetu atatokewa lini?"

Alikuwa anafanya mzaha, lakini hapo ndipo nilipoanza kuona mpango ambao sidhani waandaaji waliupanga. Filamu ya kwanza inasema pesa si shida. Ya pili inasema pesa ni shida, ila tajiri akiota ndoto mbaya vya kutosha, atabadilika. Krismasi nyingi za sinema zinakaa kwenye moja ya hizo sentensi mbili. Ya tatu inasema kitu kingine kabisa.

Jumapili walionyesha It's a Wonderful Life ya Frank Capra, ya mwaka 1946. Nyeusi na nyeupe. Dakika tano za kwanza watoto walilalamika kwamba projekta imeharibika. Halafu kuna nyota zinazoongea mbinguni, na kidogo tamasha lipoteze nusu ya watu. Kilichoiokoa ni neno moja. George Bailey, anayeigizwa na James Stewart, anarithi kutoka kwa babake kampuni ndogo ambayo watu wa mji wa Bedford Falls huweka akiba zao na kukopa pesa za kujenga nyumba. Kwa Kiingereza inaitwa Building and Loan. DJ hakusita hata sekunde. "Hii ni sacco," alisema. "Babake George ndiye alianzisha sacco ya mtaa."

Watu wazima wakakaa vizuri.

Kutoka hapo kila kitu kilieleweka bila kufafanuliwa. George anataka kusafiri dunia na kwenda chuo. Babake anafariki. Bodi inakubali sacco iendelee kwa sharti kwamba George abaki kuisimamia, la sivyo Potter, tajiri wa mji, ataimeza. George anabaki, na ile pesa aliyokuwa ameweka ya chuo anampa mdogo wake, Harry. Harry atasoma, atarudi, kisha itakuwa zamu ya George. Harry anarudi akiwa na mke na ahadi ya kazi kwa baba mkwe. Zamu ya George haiji.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa hivyo sitajifanya niliangalia sehemu hiyo kama mhakiki tu. Ada yangu ilikuwa kwenye sacco. Mama aliweka kidogo kidogo kwa miaka tisa, na asubuhi moja wanachama walifika wakakuta mlango umefungwa na karatasi imebandikwa kwamba hesabu zinakaguliwa, rudini wiki ijayo. Walirudi wiki ijayo, na ile nyingine. Nakumbuka foleni ile zaidi ya kitu kingine chochote: wamama wameshika vitabu vya akiba kifuani kama watoto wachanga.

Kwa hivyo filamu ilipofika kwenye foleni yake, siku ya harusi ya George, mvua inanyesha na watu wamejaa mlangoni wanataka pesa zao, sikumwangalia George. Nilimwangalia Mama. Alikuwa amesogea mbele kwenye kiti. George anachukua dola 2,000 za fungate yake na kuanza kuwalipa watu mkononi. Anawasihi wachukue tu za kuwasukuma hadi benki ifunguliwe. Mmoja anakataa kabisa, anataka 242 zake zote, na anapewa. Mwingine anaomba 20. Halafu anakuja Bi Davis, mwanamke mzee, anauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kupata 17 na senti 50. George anambusu. Wanafunga siku wakiwa wamebaki na dola mbili.

"Huyo ni mwenyekiti," Mama alisema. Alisema tu hivyo.

Nataka kusema jambo kuhusu theluji, maana ndiyo watu hunitajia kila nikisema filamu hizi zinaweza kuwa zetu. Eti Krismasi ya theluji inatuhusu nini sisi, ambao Desemba tunavaa fulana? Sawa. Lakini Capra alipiga filamu hii California katikati ya mwaka, kukiwa na joto. Theluji yote mnayoiona ilitengenezwa: povu la kuzimia moto lililochanganywa na sukari na maji. Zamani Hollywood ilitumia vipande vya mahindi vilivyopakwa rangi nyeupe, lakini vililia chini ya viatu hadi sauti isirekodike vizuri, na watu waliobuni povu hili walipewa tuzo ya kiufundi. Kwa hivyo yule mtu anayetetemeka kwa baridi darajani alikuwa anatokwa na jasho. Theluji ilikuwa geni hata kwao siku ile. Kinachofanya filamu iwe yako au isiwe ni kitu kingine.

Hata uzee wake kama filamu ya Krismasi si wa kuzaliwa nao. Ilipotoka haikurudisha hata gharama zake. Mwaka 1974 wenye haki miliki hawakuisajili upya, na vituo vya runinga vya Marekani vikagundua vinaweza kuirusha kila Desemba bila kulipia picha zenyewe. Wakairusha na kuirusha hadi taifa zima likaamini limeipenda siku zote. Hakuna jopo lililokaa kuamua. Ilikuwa ya bure, basi. Sisi tuliolelewa na kanda za kunakiliwa za mtaani tunajua jinsi kazi hugeuka kuwa ya kila mtu namna hiyo.

Sasa Potter. Anaigizwa na Lionel Barrymore, na kuna jambo ambalo laiti waandaaji wangelitaja walipokuwa wanaunganisha Jumamosi na Jumapili: Barrymore ndiye aliyekuwa sauti ya Scrooge kwenye redio za Marekani, Krismasi baada ya Krismasi, miaka ya thelathini. Watazamaji wa kwanza wa filamu hii walipomwona kwenye kiti chake cha magurudumu walikuwa wanamsikia Scrooge. Na bila shaka walingoja atubu. Mkesha wa Krismasi, Mjomba Billy anapeleka dola 8,000 za sacco benki, anajisahau, anazifungia ndani ya gazeti na kumkabidhi Potter gazeti hilo kwa mikono yake mwenyewe. Potter anazikuta. Anajua ni za nani. Anazificha.

Hakuna mzimu unaomtembelea. Mizimu, kama ni hiyo, inatumwa kwa yule aliyeibiwa.

George anaenda kupiga magoti kwa Potter, na Potter, mwenye pesa zile zile mezani, anamwambia kwa bima yake ya maisha ana thamani zaidi akiwa maiti. Kisha daraja. Hapo DJ alinyamaza. Kwa mara ya kwanza usiku tatu, maikrofoni ilikuwa kimya kabisa, na kimya hicho kilikuwa sahihi kuliko neno lolote. Nilisikia baadaye kwamba mwandaaji mmoja alitaka sehemu hiyo irukwe kwa sababu ya watoto. Nafurahi hawakuiruka. Mlinzi wa daraja anawaambia George na malaika wake kwamba huku kujiua ni kinyume cha sheria, na hapa Kenya jaribio la kujiua lilikuwa kosa la jinai hadi Mahakama Kuu iliposema, Januari 2025, kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Familia nyingi uwanjani pale zina mtu wao wa darajani. Watoto wanajua hata tukidhani hawajui.

Malaika Clarence anamwonyesha George dunia ambayo hakuzaliwa. Hapa filamu inayumba. Mji umekuwa Pottersville, umejaa baa, taa na muziki, na kijana mmoja akapayuka, "Sasa hii inakaa tao!" Walio karibu naye wakashangilia. Halafu tunaonyeshwa jambo la kutisha kuliko yote, kwamba Mary, mkewe, hakuolewa, amekuwa mhudumu wa maktaba na miwani. Mwanamke aliyekaa kando ya Mama akauliza, "Na shida iko wapi?" Hakuna aliyemjibu. Capra hakuwa na jibu pia.

Halafu mwisho. George anarudi, anakumbatia kila kitu, na mlango unafunguka: majirani wanaingia na noti na sarafu. Wanamwaga mezani. Rafiki wa zamani anatuma simu ya maandishi kwamba atatoa hadi dola 25,000. Mkaguzi wa benki mwenyewe anatoa. Afisa anararua hati ya kumkamata. Sikuhitaji DJ aniambie hii ni nini, lakini alisema, na uwanja mzima ukasema naye: harambee.

Nililia kidogo, sitaficha. Sisi pia tulifanyiwa. Kwenye sebule ya shangazi, na daftari la kuandika majina. Ilipatikana ada ya muhula mmoja, na nakumbuka aliyetoa mia mbili akisema samahani ni kidogo. Mtu akiniambia harambee ni ujinga wa maskini kujichangia, nitamwuliza yeye alitoa ngapi.

Lakini angalia meza ile vizuri. Dola 8,000 zimeibwa na mtu mmoja tajiri, na shimo linajazwa na watu kama Bi Davis, watu wa kawaida kama wale waliokuwa kwenye foleni. Kengele inalia, malaika anapata mbawa, na Potter yuko nyumbani kwake na pesa mbili: zake na zetu. Kanuni za udhibiti za Hollywood wakati huo zilitaka uhalifu usionekane unalipa. Huu ulilipa. Mwaka 1986 Saturday Night Live walitengeneza kichekesho cha mwisho "uliopotea" ambapo mji mzima unaenda kumpiga Potter, kwa hivyo hata Wamarekani walikuwa na swali la Mama. Mwaka 1947 FBI nao waliiandikia ripoti, wakishuku kwamba kumchora mwenye benki vibaya namna hii ni njama ya kikomunisti. Walikosea mahali pa kutazama. Filamu ambayo wanyonge wanalipa kimya kimya deni la mwizi, kisha wanaimba, haimtishi mwenye benki yeyote.

Je, hiyo inaifanya iwe filamu mbaya? Nimelifikiria kwa wiki kadhaa na jibu langu ni la. Ingekuwa mbaya kama Potter angetubu. Ingekuwa Jumamosi tena, sote tukingoja mizimu iende kwa shylock. Capra ametuachia mwizi akiwa hajashikwa na furaha ikiwa ya kweli, vyote viwili chumba kimoja. Kosa ni letu tukiondoka na furaha peke yake na kuiita funzo. Ile kauli kwamba hakuna aliyefeli akiwa na marafiki nimeambiwa sana tangu niache chuo, kila mara na mtu anayenitakia mema. Ni kweli. Na bado ada yangu iko kwa mtu.

Kwa waandaaji, kama mnasoma: asanteni, na mwaka ujao fanyeni tena. Anzeni na hii Ijumaa, watoto wakiwa na nguvu, si Jumapili wakiwa wamechoka. Msimwondoe DJ. Na ikiisha, msikimbilie kuzima projekta na kupanga viti. Acheni maikrofoni wazi kwa dakika ishirini, mtu yeyote aishike, hata shosho, hata mtoto. Nina hakika kuna zaidi ya mmoja uwanjani pale aliyetaka kuuliza kilichoulizwa njiani, gizani, na mtu mmoja tu akasikia.

Tulipofika kwa geti, Mama alikuwa bado anaipiga hesabu. "Elfu nane za wakati huo," akasema, "ni pesa ngapi saa hii?"

Nikamwambia ni nyingi.

"Basi si waende wamuulize."